Msimtwishe Beki Mzigo wa Mwalimu

Timu inapoanza kufungwa hovyo, hukumu hutolewa kabla refa hajapuliza kipenga cha mwisho. Beki fulani mzito, hana kasi, kazeeka, auzwe. Nenda kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam, sikiliza vipindi vya michezo vya redio asubuhi, kaa kijiweni Mombasa: hoja ni ileile, na huyo anayeitoa huamini amemaliza mjadala. Kocha haingii uwanjani. Si kocha aliyeshindwa kuruka kwenye ile kona. Si kocha aliyeteleza. Kwa hiyo safu ya ulinzi ikiporomoka, wenye dhambi ni mabeki na kipa wao, na dawa ni dirisha la usajili.

Naipinga hoja hiyo yote, mzizi hadi matawi. Ulinzi ni kazi ya kufundishwa kuliko kazi nyingine yoyote ya mpira. Mshambuliaji anaweza kuzaliwa na jicho la goli. Winga anaweza kumpita mtu kwa kipaji alichokuja nacho kutoka mtaani. Lakini hakuna anayezaliwa akijua ni sekunde ipi wenzake watatu watapanda pamoja kumwacha mshambuliaji ameotea, wala nani atafunika nafasi beki wa kushoto akiwa ameshavuka mstari wa kati. Hayo hujulikana mazoezini, kwa kurudiarudia hadi mwili uyafanye wenyewe, na anayepanga mazoezi ni mwalimu. Safu ikivuja msimu mzima, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Nianze na beki aliyetukanwa kuliko wote wa kizazi hiki. Agosti 2019 Manchester United walimnunua Harry Maguire kutoka Leicester City kwa pauni milioni 80, bei ambayo hakuna beki aliyewahi kununuliwa kabla yake. Miaka miwili baadaye jina lake lilikuwa kichekesho cha dunia nzima. Mwishoni mwa 2022 mbunge wa Ghana, Isaac Adongo, alisimama bungeni katika mjadala wa uchumi akamfananisha makamu wa rais wa nchi yake na Maguire. Mwaka uliofuata alisimama tena, safari hii kumwomba beki huyo radhi. Hilo la Ghana lilichekesha watu. Lililotokea Aprili 2022 halikuchekesha: nyumba ya Maguire, aliyoishi na mchumba wake na watoto, ilitishiwa bomu, polisi wakaenda kuipekua. Huko ndiko hoja ya "beki bomu" inakofika ikiachwa itambe bila kupingwa.

Sasa angalieni tarehe. Katikati ya 2021 Maguire huyohuyo alicheza Euro akiwa na England. Alikosa mechi mbili za kwanza kwa majeraha, akarudi, na timu ikafika fainali na kufungwa mabao mawili tu katika mechi zote saba, fainali ikiwemo. Moja lilikuwa mpira wa adhabu wa Mikkel Damsgaard wa Denmark, la pili lilitokana na kona dhidi ya Italia. Maguire akachaguliwa katika kikosi bora cha mashindano. Msimu uliofuata, 2021/22, akiwa na United, timu ikaruhusu mabao 57 katika ligi, sawasawa na mabao iliyofunga. Je, mtu amesahau kukaba kati ya Julai na Agosti? Miguu imekuwa mizito ndani ya wiki chache za likizo?

Kilichobadilika ni kilichomzunguka. Kwa Gareth Southgate, kocha wa England wakati huo, mbele ya Maguire walisimama Declan Rice na Kalvin Phillips, viungo wawili ambao kazi yao ya kwanza ilikuwa kuziba katikati, na timu nzima ilikuwa ikishuka pamoja. Uwanjani Old Trafford ilikuwa habari nyingine. Itazameni tena mechi ya tarehe 24 Oktoba 2021, Liverpool walipoondoka pale na ushindi wa mabao 5-0. Msitazame mabao peke yake, tazameni sekunde 15 kabla ya kila bao. Wale wa mbele, Cristiano Ronaldo, Bruno Fernandes, Marcus Rashford na Mason Greenwood, wanakwenda kukabia juu mmojammoja: huyu anakimbia, yule anatembea. Nyuma yao Fred na Scott McTominay hawajui kama wapande au wabaki, na katikati ya makundi hayo mawili kuna uwanja mtupu ambao Liverpool wanaupitia kwa pasi mbili tatu. Mpira ukifika kwa mabeki, unafika na watu wanaokuja mbio wakitazama goli. Dakika ya tano, Naby Keita yuko peke yake na David de Gea. Dakika ya 13, Diogo Jota. Kabla ya bao hilo la pili Maguire na Luke Shaw wanauendea mpira mmoja, kila mmoja akidhani ni wake, na wanazuiana. Picha hiyo ndiyo iliyorudiwa wiki nzima kwenye televisheni. Mapumziko yanafika ni 4-0.

Mabeki wawili wa timu ya taifa ya England, waliocheza bega kwa bega fainali ya Euro miezi mitatu nyuma, hawajui nani aende nani abaki. Mtu akiniambia huo ni uzembe wa wachezaji, nitamuuliza kwa nini England hawakuwa wazembe. Ole Gunnar Solskjaer alikuwa akiifundisha United tangu Desemba 2018. Miaka karibu mitatu ya mazoezi, na vijana wake wanakaba kama watu waliokutana asubuhi hiyo.

Bao moja linaweza kuwa la beki, sikatai. Beki huteleza, husahau mtu wake, hupiga pasi fupi kwa kipa, mchezo ukapotea. Lakini mabao 57 si kuteleza. Kosa linalojirudia Agosti, Novemba na Machi, likifanywa leo na huyu kesho na yule, limetoka kwenye maelekezo au kwenye ukosefu wa maelekezo.

Chukueni takwimu za United katika ligi kuanzia 2017/18 hadi 2024/25, mabao ya kufungwa, msimu kwa msimu: 28, 54, 36, 44, 57, 43, 58, 54. Kama ubovu ungekuwa wa miguu ya mabeki, hesabu ingepanda taratibu kadiri wanavyozeeka, kisha ingeshuka wakinunuliwa wapya. Hapa inapanda, inashuka, inapanda tena. Na wapya walinunuliwa kwa fedha za kutisha: Maguire, Aaron Wan-Bissaka, Raphael Varane aliyekuja na Kombe la Dunia na Ligi ya Mabingwa nne, Lisandro Martinez, kipa Andre Onana, Matthijs de Ligt, Leny Yoro. Mwisho wa mtiririko huo timu ilimaliza nafasi ya 15 ikiwa imefungwa mabao 54. Dawa ya dirisha la usajili imenywewa hadi chupa ikaisha, na mgonjwa yuko palepale.

Wanaonipinga wana jibu hapa, na ni jibu la maana. Wanasema: tazama mwanzo wa hizo takwimu zako. Jose Mourinho, mwalimu yuleyule, alifungwa 28 msimu mzima wa 2017/18. Msimu uliofuata, alipofukuzwa Desemba, alikuwa ameshafungwa 29 katika mechi 17. Mwalimu hakubadilika, mabeki ndio waliomwangusha.

Lakini hayo 28 yalikuwa ya nani? Desemba 2, 2017, United walikwenda kwa Arsenal wakashinda 3-1, na siku hiyo De Gea aliokoa mipira 14, akaifikia rekodi ya Ligi Kuu ya Uingereza katika mechi moja. Timu iliyojipanga vizuri haimlazimishi kipa wake kuokoa mara 14. Ukuta ulikuwa ukivuja tangu msimu ule wa sifa, ila palikuwa na mtu mmoja nyuma anayezuia maji kwa mikono yake. Msimu uliofuata mikono ikawa ya binadamu wa kawaida, na tukaona kilichokuwepo muda wote. Wanaohesabu mabao bila kuhesabu mashuti watadanganywa na kipa bora kila mara.

Na Erik ten Hag, aliyeinoa United baadaye, je? Msimu wake wa kwanza mabao 43, wa pili 58. Majeruhi walikuwa wengi msimu ule wa pili, Martinez na Shaw walikaa nje muda mrefu, na ana haki ya kulitaja hilo. Lakini tazameni mechi sita za makundi ya Ligi ya Mabingwa za 2023: mabao 15 ya kufungwa. Galatasaray wamefunga sita katika mechi mbili, Copenhagen wamefunga manne nyumbani kwao. United waliongoza mara kwa mara na kila mara walipoongoza katikati palibaki wazi, kwa sababu ndivyo timu ilivyoambiwa icheze: mbele wakakabe juu, nyuma wabaki chini, na Casemiro peke yake akimbie uwanja uliobaki. Casemiro wakati huo alikuwa na miaka 31. Watu wakasema amekwisha. Hakuna kiungo wa umri wowote ambaye angeweza kuifanya kazi ile.

Ushahidi mzito zaidi unatoka London. Msimu wa 2020/21 Chelsea walicheza mechi 19 za ligi chini ya Frank Lampard wakafungwa mabao 23. Januari 26, 2021 akaja Thomas Tuchel. Dirisha lilikuwa bado wazi kwa siku chache, hakusajiliwa mtu. Mechi 19 zilizobaki, mabao 13. Idadi ya mechi ni ileile, kikosi ni kilekile, kipa Edouard Mendy ni yuleyule. Antonio Rüdiger, ambaye kwa Lampard alikuwa akikaa benchi na kuhesabiwa kuwa amekwisha pale klabuni, akawa nguzo. Andreas Christensen vivyo hivyo. Tuchel alipanga mabeki watatu wa kati, akaweka viungo wawili mbele yao, akawafundisha wa pembeni lini waende na lini warudi. Katika mechi saba za mtoano za Ligi ya Mabingwa walifungwa mabao mawili, na Mei 29 mjini Porto wakaifunga Manchester City 1-0 na kubeba kombe. Wale waliokuwa wakidai Chelsea inahitaji mabeki wapya hawakuwahi kurudi kueleza walichokiona.

Ulinzi ulivyo kazi ya darasani, hakuna aliyeuonyesha vizuri kuliko Arrigo Sacchi, mtu ambaye hakuwahi kucheza mpira wa kulipwa. Pale AC Milan alikuwa na zoezi moja maarufu: anaweka kipa na mabeki wanne, Tassotti, Costacurta, Baresi na Maldini, anawapa wachezaji kumi wawashambulie, miongoni mwao Ruud Gullit na Marco van Basten. Watano waliojipanga dhidi ya kumi wasiojipanga. Wale kumi walikuwa wakishindwa kufunga. Msimu wake wa kwanza, 1987/88, Milan walichukua ubingwa wa Italia wakiwa wamefungwa mabao 14 katika mechi 30. Najua mtaniambia Baresi na Maldini walikuwa Baresi na Maldini. Sawa. Basi njooni kwa Arsenal ya George Graham ya 1990/91: mabao 18 katika mechi 38, imepoteza mechi moja tu. Nahodha wake na beki wake wa kati, Tony Adams, alifungwa jela kabla ya Krismasi kwa kuendesha gari akiwa amelewa, akakaa ndani karibu miezi miwili katikati ya msimu. Beki mwingine akaingia mahali pake na ukuta haukuanguka, kwa sababu Graham alikuwa amewafundisha kutembea pamoja siku baada ya siku hadi wakachoka naye.

Hoja nyingine ya wapinzani wangu ni juhudi. Wanasema mwalimu anaweza kufundisha yote hayo, lakini mchezaji mwenye mkataba mnono asipotaka kukimbia, atafanywaje? Atakaa benchi. Mwalimu ndiye anayeandika majina 11. Mshambuliaji asiyerudi kukaba, akipangwa leo, akipangwa Jumamosi, akipangwa mwezi mzima, kutorudi kwake kumekuwa sehemu ya mfumo, na aliyekubali ni mwalimu. Tena gharama yake hailipwi na mshambuliaji huyo. Inalipwa na beki wa pembeni anayebaki na watu wawili mbele yake, na jina linalotajwa redioni kesho yake ni la beki.

Nije nyumbani. Novemba 5, 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga waliifunga Simba 5-1. Mapumziko ilikuwa 1-1. Mabao manne yaliingia kuanzia dakika ya 64: Maxi Nzengeli, Stephane Aziz Ki, Nzengeli tena, Pacome Zouzoua kwa penalti. Siku mbili baadaye kocha Roberto Oliveira, Robertinho, hakuwa na kazi. Kuna watakaosema huu ndio ushahidi kwamba Tanzania tunawalaumu makocha, si wachezaji. Mimi naona kinyume. Mabeki walizomewa vijiweni miezi kadhaa baada ya Robertinho kuondoka, na kuondolewa kwake hakukutokana na mtu yeyote kuuliza alichokuwa akifundisha. Aprili mwaka huohuo timu yake iliifunga Yanga 2-0. Agosti iliizuia Yanga 0-0 pale Mkwakwani, Tanga, ikachukua Ngao ya Jamii kwa penalti. Timu inayotoka huko hadi kufungwa manne ndani ya dakika 25 imepoteza mpangilio mahali fulani, na hilo lilistahili kuchunguzwa mazoezini na kwenye mikanda ya mechi. Badala yake palifanyika kafara.

Ndiyo, nasema mwalimu ndiye mwenye jukumu. Sisemi afukuzwe kila akifungwa. Mambo hayo mawili watu wanayachanganya kila siku. Ulinzi ukiwa somo, somo lina muda wake. Kati ya Januari 2021 na Julai 2024 Simba walipitia mikononi mwa Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Juma Mgunda, Robertinho, Abdelhak Benchikha, Mgunda tena, kisha Fadlu Davids. Kila mmoja na namna yake: huyu anataka mabeki wapande, yule anataka wabaki, huyu kukaba mtu, yule kukaba nafasi. Beki aliyeyapitia yote hayo halafu akachelewa nusu hatua kwenye krosi, kosa lake ni lipi hasa? Shomari Kapombe na Mohamed Hussein "Tshabalala" walikuwa mabeki wa Simba wakati wa yale mabao matano. Walikuwepo pia Mei 2025, Simba ya Fadlu ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, baada ya kukaa msimu karibu wote na mwalimu mmoja.

Nimeiacha mwisho hoja yao kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayonipa kazi. Virgil van Dijk. Liverpool wa Jürgen Klopp walifungwa mabao 38 msimu wa 2017/18, ambao Van Dijk aliingia katikati yake, Januari. Msimu uliofuata, wake wa kwanza kamili, mabao 22. Mwalimu yuleyule, beki mmoja mpya. Akaumia goti dhidi ya Everton Oktoba 17, 2020, na Liverpool wakaanza kupoteza hata Anfield, mechi sita za ligi mfululizo nyumbani. Wanauliza: unataka ushahidi gani zaidi kwamba ulinzi ni mtu?

Nataka ushahidi wa wiki kumi za mwisho za msimu huo, ambazo hawazitaji kamwe. Joe Gomez na Joel Matip nao walikuwa wameumia, msimu umekwisha kwao. Kwa miezi Klopp aliziba pengo kwa kumrudisha nyuma kiungo wake mkabaji, Fabinho, na wakati mwingine nahodha Jordan Henderson, acheze beki wa kati. Kwa fikra za kijiweni hilo lilikuwa sahihi: weka mchezaji bora mahali palipobomoka. Timu ikazidi kuvuja, kwa sababu sasa katikati hapakuwa na mtu na kila shambulizi liliwafikia mabeki likiwa na kasi. Machi 7, 2021 wakafungwa na Fulham Anfield. Baada ya hapo Klopp akamrudisha Fabinho kwenye kiungo na kuwaachia nyuma waliobaki: Ozan Kabak wa mkopo, ambaye naye aliumia, kisha Nat Phillips na Rhys Williams. Phillips hakuwa hata kwenye mipango ya klabu msimu ulipoanza. Williams msimu uliotangulia alikuwa kwa mkopo Kidderminster Harriers, daraja la sita la mpira wa Uingereza.

Mechi kumi za mwisho za ligi: kushinda nane, sare mbili, mabao sita ya kufungwa. Liverpool wakamaliza nafasi ya tatu. Pale Burnley Mei 19, Phillips alifunga kwa kichwa na akaokoa mpira uliokuwa unavuka mstari wa goli, wakashinda 3-0. Mabeki walikuwa wadogo kwa kila kipimo kuliko wale waliokuwepo wakati timu inazama, na walifungwa mabao machache kwa sababu mwalimu alimhamisha mtu mmoja ambaye si beki. Van Dijk ni bora, sina ugomvi na hilo, na timu yoyote itakuwa bora ikiwa naye. Lakini wanaosema ulinzi ni mtu inabidi wanieleze Phillips na Williams walikuwa watu gani kiasi hicho, na kama hawawezi, basi Jumamosi ijayo timu yao ikifungwa matatu, wamwache beki wa kati avue jezi yake akaoge, waende kumuuliza mwalimu kiungo wake mkabaji alikuwa wapi.